Kitako cha keki ya fromaji: safari yangu ya Mushaki



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, dada wawili wa kikundi cha Kadutu waliniuliza kwa nini keki yetu ya fromaji haikai juu ya bisikwi kama zile wanazoziona katika simu. Niliwajibu kwamba ni kwa sababu ya safari niliyofanya juu ya Mushaki mwaka 2019. Wakacheka, wakadhani nakwepa swali. Basi leo naandika safari yenyewe, maana bila hiyo jibu halieleweki.

Wakati ule tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika MUSO moja hapa Bukavu. Kila mmoja aliweka dola mbili kwa juma, na pembeni tulioka keki za ubatizo, komunyo na arusi ili sanduku lisikauke. Mimi, kwa kuwa nimetoka ISP na kalamu haitoki mkononi, nilipewa kazi ya kutafuta mapishi mapya. Nikaleta keki ya fromaji yenye kitako cha bisikwi. Niliisifu sana. Nilisema ni rahisi, haina kukanda, haina kusukuma, mtoto wa darasa la tatu anaiweza: unasaga bisikwi, unachanganya na siagi iliyoyeyuka, unagandamiza katika sinia, unamwaga fromaji juu yake na kuoka. Tulioka moja, tukaila ikiwa bado vuguvugu, wote tukasema tamu.

Mwezi wa saba tukapata komande ya keki kumi na mbili kwa arusi moja upande wa Panzi. Tulioka usiku kucha. Asubuhi tukazifunga juu ya pikipiki, na ninyi mnaijua barabara ile. Tulipofunua, juu keki zilikuwa nzuri, lakini chini kulikuwa na matope. Kisu kikiingia, kipande kilitoka bila kitako. Kitako kilibaki katika sinia kama uji wa mtoto. Mama wa bwana arusi alitazama, hakupiga kelele, akatulipa nusu tu. Sikumlaumu.

Tulipohesabu, sanduku lilikuwa limepoteza dola 85. Na katika fedha zile kulikuwa na zamu ya mjane wetu mmoja, aliyekuwa akizingojea kwa ajili ya mtoto wake wa sekondari. Mnakumbuka mwaka ule: masomo ya shule ya msingi yalikuwa yanatangazwa kuwa ya bure kuanzia mwezi wa tisa, lakini sekondari ilibaki ya kulipa. Mjane hakusema neno. Alifunga kitenge chake, akaenda. Mimi mwalimu, ninayeona kila mwaka watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval, ndiye niliyesababisha mmoja zaidi aingie katika hatari hiyo. Siku tatu sikulala vizuri.

Likizo ilikuwa imeanza. Mama mdogo wangu alikuwa ameolewa juu ya Mushaki, katika Masisi, na bwana yake alifanya kazi katika nyumba moja ya kutengeneza fromaji. Nikajiambia: niende kwa watu wanaoishi na fromaji kila siku, niwaulize.

Nilipanda mashua ya usiku. Idjwi tuliipita gizani, taa moja hapa, taa moja pale, na wavuvi wakiimba kwa mbali. Alfajiri tukafika Goma. Wakati ule ilikuwa ni Ebola. Kwenye bandari kila mtu alinawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kuingia mjini. Nilikuwa na mafua kidogo kutokana na baridi ya ziwa, nikaogopa kama mwizi. Kifaa kikanipitisha.

Kwa asiyejua Goma: mji umekaa juu ya jiwe jeusi la volkano. Mwaka 2002 Nyiragongo ilipita katikati yake, na watu walijenga tena juu ya jiwe lilelile. Kuta za viwanja ni mawe ya lava, vumbi lenyewe ni jeusi, na chukudu zinapita na magunia ya makala na viazi marefu kuliko mwenye kuzisukuma. Kando ya barabara niliona fromaji za Masisi zimepangwa, mviringo, za njano, kila moja karibu kilo mbili. Wakati ule fromaji hizo zilipanda ndege hadi Kinshasa. Mtu wa Kivu akienda kule bila fromaji katika begi, wenyeji wake humtazama mikono.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilometa ishirini na kitu. Pale Sake barabara inagawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova hadi kwetu Bukavu, nyingine inapanda kwenda Mushaki na Masisi. Inapanda kweli. Ziwa linabaki chini kama sahani, masikio yanaziba, na ghafla hewa inakuwa baridi na kila kitu ni kijani. Vilima vyote vimenyolewa na ng'ombe. Nyua ni za miti, mikaratusi imesimama mistari mistari, na ng'ombe weusi kwa weupe wanakula kwenye miteremko mikali hata unajiuliza kwa nini hawadondoki. Wazungu walipaita Uswisi ya Afrika. Mimi sijafika Uswisi, kwa hiyo nasema tu kwamba nilifika Mushaki na nilikosa koti.

Mama mdogo alinipokea kwa maziwa ya moto. Kesho yake bwana yake alinipeleka katika nyumba ya fromaji. Ni chumba kidogo chenye sakafu ya saruji, harufu ya maziwa na moshi. Maziwa yanakuja asubuhi katika vibidoni, juu ya vichwa na migongo. Yanapashwa moto kidogo tu, kama maji ya kuogesha mtoto mchanga, yanatiwa dawa ya kugandisha, na baada ya nusu saa hivi yamekuwa kama flani. Wanayakata kwa visu virefu, wanayakoroga, wanatoa maji yake na kutia maji mengine ya vuguvugu, wanaweka mabonge katika vikombe vyenye matundu na kuyakandamiza chini ya uzito. Halafu fromaji inalala katika maji ya chumvi, na mwisho inapanda kwenye mbao, ambako inageuzwa kila siku kwa majuma kadhaa. Watu wote wa kule husimulia kwamba ujuzi huo uliletwa na mapadri Wabelgiji, karibu na miaka ya 1970.

Kitu kilichonishika zaidi ni maji. Katika kazi ile yote, kuanzia kisu cha kwanza hadi ubao wa mwisho, wanaume wale walikuwa wakifanya jambo moja: kuyaondoa maji katika maziwa. Lakini sikuelewa bado.

Jioni niliwasimulia aibu yangu ya Panzi. Mama mkwe wa mama mdogo, ambaye sote tulimwita tate, alikuwa ameketi karibu na mbabula akimenya viazi. Alipokuwa msichana alifanya kazi katika jiko la mapadri. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

— Mwalimu, fromaji yenu mliitoa wapi?

Nikamwambia ni mashanza, tuliyanunua sokoni asubuhi ileile.

— Mliyaning'iniza?

— Hapana, tate. Tuliyamwaga tu katika sinia.

— Basi bisikwi zimekosa nini? Mmezitia mvuani, zimelowa.

Mama mdogo alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilijisikia kama mwanafunzi aliyejibu hesabu kabla ya kusoma swali. Majuma mawili nilikuwa nikitafuta kosa katika kitako, na kosa lilikuwa juu yake.

Usiku ule tate alichukua mabonge mapya yasiyokandamizwa bado, yale meupe, akayafunga katika kitambaa safi na kuyaning'iniza kwenye msumari na beseni chini yake. Niliamka mara mbili kusikia: to, to, to. Asubuhi beseni lilikuwa na maji ya kijani hafifu ya kujaza vikombe viwili vya chai. Walipewa nguruwe. Nilitazama maji yale na kuzidisha mara kumi na mbili.

Nilidhani somo limekwisha. Nikauliza kama sasa naweza kurudi kwenye bisikwi. Tate akaniuliza kama tuna frigo. Nikasema tunayo moja, ya rais wetu wa kikundi, lakini umeme unakuja unapopenda. Akatikisa kichwa. Na hapa, wamama, ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndilo swali la wale dada wawili.

Kitako cha bisikwi hakina kitu kinachokishika isipokuwa mafuta. Gramu 200 za bisikwi zilizosagwa zinataka karibu gramu 100 za siagi, na mafuta hayo yakiwa baridi yanagandamana na kukibeba kitako. Yakipata joto yanalegea, na ulichonacho ni mchanga mtamu. Ukikioka peke yake dakika kumi kabla ya kumwaga fromaji, kinakuwa imara kidogo, na sisi hatukufanya hata hilo. Kwa mwenye frigo inayofanya kazi na wageni watakaokula palepale nyumbani, ni kizuri, sitakisema vibaya. Kwa keki itakayopanda pikipiki saa nne za asubuhi, hapana. Tena bisikwi na siagi vyote tunanunua kwa bei inayofuata dola.

Kuna njia ya pili, unga uliosuguliwa na mafuta, ule Wafaransa wanaouita pate brize. Gramu 250 za unga wa ngano, gramu 125 za siagi, chumvi, maji baridi kidogo. Huu unasimama vizuri, unabeba keki bila shida. Lakini unataka siagi ngumu na mikono ya baridi, na unga usichezewe sana, la sivyo unatoka kama ngozi ya ngoma. Juu ya Mushaki saa kumi na mbili asubuhi nilifaulu mara ya kwanza. Nyumbani Bukavu, saa sita mchana chini ya bati, siagi iliyeyuka katika vidole vyangu. Ukiujaribu, uoke kwanza bila kitu, ukiwa umeweka karatasi na maharage makavu juu yake ili usivimbe, kisha upake ute wa yai na kurudisha motoni dakika mbili. Ule ute unaziba matundu. Nimeonja, ni mtamu kuliko yote. Ila nusu ya uzito wa unga ni siagi, na sanduku letu linaliona hilo.

Tate yeye alichukua njia ya tatu, na sikuitegemea. Mama mdogo alikuwa na beseni la unga wa mandazi, uliokandwa usiku kwa ajili ya kuuza asubuhi barabarani. Tate akakata bonge, akalisukuma kwa chupa hadi likawa nene kama daftari la kurasa 48, akalitandika katika sinia na kulipandisha kwenye kingo kwa vidole. Ndivyo walivyofanya katika jiko la mapadri, alisema: tarte yote, iwe ya fromaji, ya matunda au ya wali, ilikaa juu ya unga wa mkate wenye levire. Baadaye nilisoma kwamba kule Verviers, Ubelgiji, tarte ya wali bado inaokwa hivyohivyo. Na si Wabelgiji wote. Geraardsbergen wana vikeki vya maziwa yaliyogandishwa ambavyo wanavifunga katika unga wa matabaka matabaka. Kila mahali wamama walichagua kwa vile walivyokuwa navyo.

Juu ya unga ule tate alinyunyiza kiganja cha mkate mkavu uliosagwa. Nikauliza kwa nini. Akasema: maji yatakayobaki yatakunywa humo. Halafu akamwaga fromaji iliyopigwa na mayai na sukari, na ganda la ndimu alilolikwangua kwa kisu. Hakuna furu pale. Sinia iliingia katika sufuria kubwa nzito yenye mawe matatu madogo ndani, mfuniko ukawekwa, makala machache chini na mengi juu. Hilo la makala mengi juu alilirudia mara mbili, kwa sababu moto mwingi wa chini unaunguza kitako na kuacha fromaji mbichi.

Ilipoiva kingo zilikuwa zimesimama, na katikati palitikisika kidogo kama flani. Akaiacha ipoe ndani ya sufuria, mfuniko umefunguliwa nusu, isipasuke. Tuliikata ilipopoa kabisa. Kipande kilitoka na kitako chake, kikavu chini, chenye harufu ya mkate. Nilikishika mkononi bila sahani na kutembea nacho hadi kwenye ua na kurudi. Mama mdogo akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia napima barabara ya Panzi.

Tate hakuwa na vipimo, alipima kwa jicho na kiganja. Kwa hiyo siku mbili zilizofuata nilikaa naye na kopo la nyanya na mizani ndogo ya nyumba ya fromaji, na kila alipotia mkono nilimwomba asimame nipime. Alichoka na mimi. Lakini daftari ninalo hadi leo, na vipimo ni hivi, kwa sinia ya sentimeta 26: unga wa ngano gramu 250, levire nusu kijiko kidogo, sukari gramu 30, margarini gramu 40, yai moja, maziwa ya vuguvugu kadiri unga utakavyonywa, karibu nusu kikombe. Uumuke saa moja na nusu. Juu yake gramu 500 za mashanza yaliyoning'inizwa usiku mzima, mayai matatu, sukari gramu 120, kijiko kikubwa cha unga. Dakika arobaini hivi za moto wa wastani. Mwone margarini: gramu 40, mahali ambapo pate brize inataka 125.

Niliporudi Bukavu sikupokelewa kwa nderemo. Mama mmoja alikuwa ameacha kikundi kwa sababu ya zile dola 85, na hajarudi. Nilitaka kulipa deni peke yangu kidogo kidogo. Rais akakataa, akasema keki tulioka wote na matope tuliyaona wote. Tukaanza na keki mbili kwa juma, tukiuza kipande franka 500 mbele ya shule na parokia. Wale wawili wenye kuuza mandazi ndio waliokuwa walimu sasa, maana unga ulikuwa tayari mikononi mwao kila alfajiri. Tulijaribu pia kuchanganya karanga zilizosagwa katika kitako. Mafuta yake yaliungua haraka, tukaacha. Mjane wetu alipata zamu yake mwezi wa kumi na moja. Mkuu wa shule alikuwa amekubali kungoja, na mtoto hakupoteza mwaka.

Tangu hapo barabara ya juu ya Sake imefungwa na kufunguliwa, na kufungwa tena. Tate alizikwa kule juu mwaka 2021. Nyumba ya fromaji ilifunga milango, ng'ombe walikwenda ninyi mnajua walikokwenda, na mama mdogo alishuka Goma na watoto, magodoro mawili na lile beseni la mandazi. Anaishi katika chumba kimoja na anauza kando ya barabara kama zamani.

Miezi michache iliyopita alinipigia simu usiku. Mwenye nyumba wake ana arusi, amemwomba keki ya fromaji, na yeye hakumbuki tate alikuwa akitia nini na kiasi gani, maana alikuwa akimtazama tu bila kupima. Akaniambia: mwanangu, lile daftari lako bado liko? Nikawasha tochi ya simu ya pili, nikamsomea, naye akarudia kila neno ili binti yake aandike. Tulipofika kwenye mashanza nikamwuliza kama amepata kitambaa na msumari.

— Vimekwisha kuwekwa, akasema. Sikiliza.

Akasogeza simu karibu na beseni.

Jumamosi hii tunaoka sita kwa ubatizo wa mapacha wa Kadutu. Mwenye sinia ya sentimeta 26 alete, na mashanza yaletwe Ijumaa kabla ya giza ili yapate usiku mzima.